Salum, usizitie tupa

[Kikundi: Ukoo wa Nungwi]

Salum 19:12
Assalaam aleykum jamaa zangu. Leo Mwanakwerekwe nimemkuta muuza chuma chakavu ana kasha la zana kuukuu, nimelichukua lote kwa elfu kumi na tano. Msumeno naujua, patasi ndogo naijua, ina chapa ya Sheffield. Hivi vitatu vya kwenye picha vimenishinda.

Ali Fundi 19:15
Waaleykum salaam. Ya kwanza tezo hiyo.

Salum 19:16
Mimi nilidhani kijembe cha bustani kilichokatika mpini.

Ali Fundi 19:18
Angalia makali. Yamechongwa upande wa ndani, unaomwelekea fundi. Nje kumenyooka, laini. Hiyo ya kuchongea mbao, tafadhali usiitie udongoni.

Shangazi Mwanaisha 19:20
Ya pili kama kipande cha mguu wa samadari.

Khadija (Maskati) 19:24
Shangazi, nimeona kama hiyo huku Oman, mji wa Sur, kwa mafundi wa majahazi. Wao huiita majdah. Inazungushwa kwa upinde. Salum, mna upinde humo kashani?

Salum 19:25
Kuna fimbo ina tundu huku na huku. Niliiweka na kuni!

Khadija (Maskati) 19:25
Itoe haraka.

Mwanahawa 19:31
Niko na babu, ananiambia niandike kama anavyosema. Picha ameitazama mara tatu.

Salum 19:31
Shikamoo babu.

Mwanahawa 19:36
Marahaba mjukuu wangu. Hiyo keekee. Chuma cha nchani ndicho chenye kutoboa. Mti kilimochomekwa unaitwa msukano, fimbo yako ndiyo uta, na kile kishikio cha juu kinachozunguka peke yake ni jivu.

Salum 19:37
Jivu, kama la jikoni?

Mwanahawa 19:41
Neno moja, vitu viwili. Kamba ya uta unaizungusha mara moja kwenye msukano. Mkono mmoja unakandamiza jivu, mwingine unavuta na kusukuma uta. Chuma kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, na kote kinakula mti. Ndiyo maana ncha yake imenolewa pande zote mbili kama mkuki.

Ali Fundi 19:43
Kweli babu! Ncha za drili zetu zinakata upande mmoja tu.

Mwanahawa 19:48
Mbao ngumu ya chombo cha baharini ukiipigilia msumari mtupu inapasuka. Kwanza keekee, ndipo msumari, na chini ya kichwa chake unavisha pamba ya mafuta maji yasipite. Na mitepe, vile vyombo vya tanga vya wazee, haikuwa na msumari wa chuma. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, na matundu ya kamba yote yalitobolewa kwa mkono. Hebu fikirini ni matundu mangapi kwa chombo kimoja.

Salum 19:50
Na hii ya tatu? Patasi pana, butu kabisa. Kesho naipeleka kwenye grainda itiwe makali.

Mwanahawa 19:50
Babu amesimama.

Mwanahawa 19:51
USITHUBUTU. Hiyo ya kalafati. Unashindilia pamba baina ya mbao, unaigonga kwa nyundo ya mti. Ikiwa na makali itaikata pamba na chombo kitavuja. Ubutu wake ndio kazi yake. Usiitie tupa, wala msasa. Kutu ipanguse kwa kitambaa cha mafuta, basi.

Salum 19:53
Nimeelewa babu. Ahsante sana. Nilikuwa naiharibu.

Shangazi Mwanaisha 19:57
Muuzaji alizipata wapi?

Salum 19:58
Anasema waliohama nyumba waliziuza kwa kilo.

Shangazi Mwanaisha 20:00
Basi mwenyewe ameshatangulia. Mtu haachi keekee yake akiwa hai. Mungu amrehemu, fundi wa watu.

Khadija (Maskati) 20:01
Amin.

Ali Fundi 20:04
Salum, tezo nitaitia mpini mimi, sitaki hela yako.

Mwanahawa 20:10
Babu anasema Ijumaa baada ya sala uje Nungwi na kasha lote, na kuni zako zote pia, azikague mwenyewe. Kamba ya uta anayo. Anasema pia ununue kipande cha mvule, unene wa vidole viwili, na tundu la kwanza utalitoboa wewe.

Salum 20:11
Inshallah babu. Nitakuja mapema.