Eti kwaya iimbe WAKATI WATU WANANAWA. Huyu mwenyekiti wa burudani tulimtoa wapi?

Besi la Njoro
Wakuu, naandika hata sare sijavua. Nimetoka ukumbini sasa hivi, nimekuja kwa mguu mpaka nyumbani, na nauli ninayo. Ni hasira tu.

Leo ilikuwa harambee ya kuezeka ile nyumba ya wazee. Wa Moshi mnaijua, na mwenyekiti wa kamati ya burudani mnamjua pia, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye gari la taa za buluu chini ya uvungu. Yule ambaye hata msibani kwa watu asiowajua maiki inaishia mkononi mwake. Huyo huyo.

Kwaya tumefanya mazoezi tangu Pasaka. Nyimbo sita, sauti zote nne. Mwalimu kaandika nota kwa mkono mpaka kidole kimeota sugu. Sauti ya tatu wamekunywa tangawizi mpaka nahisi sokoni Mbuyuni imepanda bei. Akina mama wameshona sare kwa hela zao. Saa nane kamili tumefika, tumepangwa kwenye mabenchi ya nyuma kama watuhumiwa. Saa tisa kimya. Saa kumi kimya. Saa kumi na moja nikamfuata: "Mwenyekiti, sisi tunapanda lini?"

Jamaa anachezea simu, hata uso hainui. "Nyie mtaimba wakati watu wananawa."

Nikadhani spika zimeniharibu masikio. "Wananawa nini?"

"Mikono. Foleni ndefu, watu wasije wakachoka."

WAKATI WATU WANANAWA, wakuu. Miezi yote ile, nota, tangawizi, halafu tunasindikiza sabuni.

Tukasimama pale pembeni ya beseni. Wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, yule binti wa kunawisha kaitwa jikoni, akanipa jagi. Akanipa mimi! Na mimi kwa ujinga nikapokea, maana wazee wameshanyoosha mikono, utafanyaje? Kwa hiyo mkono wa kulia jagi, wa kushoto karatasi ya nota, na besi inaendelea. Mzee mmoja ananiambia, "Ongeza kidogo kijana." Sijui alimaanisha maji au sauti. Maji yalipoisha, mwenyekiti kwenye maiki: "Maji yameisha, tunawashukuru kwaya." Nyimbo tano tumerudi nazo nyumbani.

Sasa kilichopewa jukwaa ni nini? Kijana kavaa gauni, kaweka mto tumboni, anajifanya mjamzito anayetafuta baba wa mtoto kwenye meza ya wageni. Kazunguka weee, kaenda kukaa mapajani kwa Baba Paroko! Masista wakageukia ukutani wakaanza kusoma tangazo la hija ya mwaka juzi kwa makini kama wanatafuta majina yao. Hapo hapo ikafunguliwa singeli, spika zinapiga mpaka ile theluji iliyobaki Kibo nadhani leo imepungua tena. Kwa laki nne! Laki nne ni bati kumi na kitu, wazee wanaendelea kulala na mabeseni.

Na sisi tumeimba bure. Wakati watu wananawa. Nishaurini, niache kwaya au nimfuate kwake usiku huu?

Kisusio cha Moto
Nimekaa siti ya mbele, na nimeshanawa.

Mangi Mstaafu
Meku, swali moja. Jagi lilipozidi uzito, besi ilishuka au ilipanda?

Mama Tumaini wa Pasua
Mimi nilikuwepo. Mleta uzi mbona husemi kwamba ule wimbo una beti nane na kiitikio mnarudia mara mbili mbili? Watu tumenawa, mikono imekauka, imepata vumbi, tumenawa tena, nyie mko ubeti wa sita. Kaka yangu, watu tulikuwa na njaa. Ila jagi ulilishika vizuri, hukumwagia mtu.

Besi la Njoro
Mama, beti ni TANO. Na nilipewa jagi ubeti wa pili. Usipotoshe umma.

Mlei Mwenye Msimamo
Tuwe serious. Papa Pio X mwaka 1903 alipiga marufuku piano na ngoma kanisani. Sembuse singeli!

Kijana wa Kiboriloni
Kanisani mkuu, KANISANI. Huyu analilia ukumbini, tena karibu na jiko. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishafungua mlango kwa muziki wa kienyeji, usitutishe na 1903. Pius hakuandika chochote kuhusu beseni.

Mangi Mstaafu
Mt. Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, sikukuu yake ni 22 Novemba. Siku hiyo mnunulieni Besi jagi lake mwenyewe, lenye mfuniko.

Niliwahi Kuwa Kamati
Mtanitukana lakini namtetea mwenyekiti. Mimi nilishika burudani mwaka mmoja tu, nikatoka na vidonda vya tumbo. WAWATA, akina mama, wanataka kwaya. VIWAWA, vijana, wanataka DJ, na wameshamlipa advansi bila kukuambia. UWAKA, akina baba, hawataki burudani, wanataka kujua kinywaji kinafunguliwa saa ngapi. Walezi wa Utoto Mtakatifu wana ngonjera ya dakika arobaini, na ukimkatisha mtoto wa mtu hapo ndipo utajua jumuiya ni nini. Paroko anataka saa kumi na mbili kila mtu awe kwake. Mgeni rasmi anataka asifiwe. Halafu ukweli mchungu: mtu hatoi milioni akisikiliza ubeti wa tano. Anatoa akiwa anacheka na mke wake anamwangalia. Hilo la kukaa mapajani kwa Baba sasa, hapana. Hapo mwenyekiti kajimaliza.

Dogo wa Sakina
Nyie Moshi mnalia kunawa? Njooni Chuga muone. Kwetu jogoo mmoja kanadiwa mara nne. Kila anayemnunua anasema "namrudisha, anadiwe tena kwa utukufu wa Mungu." Mara ya tatu nilimnunua mimi kwa elfu sabini, wakaniangalia wote, na mimi nikarudisha kwa aibu. Mara ya nne jogoo kafia mkononi mwa mnadishaji. AKANADIWA HIVYO HIVYO. Mpaka leo sijala hata bawa.

Mlutheri Nisiye na Hatia
Minada tuachieni wenyewe. Jumapili iliyopita nimeingia ibadani na Biblia, nimetoka na mkungu wa ndizi, mayai trei moja, na deni. Mke wangu hajaniuliza kitu, na hicho ndicho kinanitisha.

Mweka Hazina Aliyechoka
Heri nyie mnaolipa. Mimi nina daftari la ahadi hapa. Kuna bwana anasimama kila harambee, anaahidi milioni, anapigiwa vigelegele, anapewa na maiki aongee. Nikimpigia anasema yuko safarini. Juzi nimempigia, simu ikaitia pale pale nyuma yangu kwenye foleni ya mchele.

Kisusio cha Moto
Mbona hatuambiwi cha muhimu? Baada ya kunawa mlikula nini?

Mama Tumaini wa Pasua
Pilau. Nyama kipande kimoja, nacho ukikiangalia sana kinatoweka.

Kisusio cha Moto
Pilau???? Moshi hii? Hakuna mtori?

Mama Tumaini wa Pasua
Mtori ulikuwepo, kwa meza kuu tu. Nilionja kwa kupitia shoga yangu. Mwepesi, na una karoti.

Mangi Mstaafu
Karoti kwenye mtori. Sasa hapo na mimi nimekasirika. Hata ndizi mshare sidhani kama walitumia.

Dogo wa Sakina
Kwani mtori si ndizi yoyote tu?

Mangi Mstaafu
Huyu atolewe humu.

Besi la Njoro
Wakuu turudi kwenye mada. Yule mwenyekiti kaniambia wakati watu wananawa, tena mbele ya sauti ya kwanza wote...

Kijana wa Kiboriloni
Besi, pitisha jagi huku, tunakaribia kula.

Mchaga wa Kilema
Misheni ya Kilema ipo tangu 1890, mapadre wenyewe walitukuta na ndizi zetu. Kwa hiyo nikisema mtori hautiwi karoti, hautiwi.

Wa Kibosho Juu
Mtu wa Kilema anatufundisha mtori? Nyie si ndio mnaweka maziwa?

Mchaga wa Kilema
Maziwa gani? Fungua uzi wako tukutane huko.