Naomba ushauri: kumbukumbu za marehemu mjomba, Kiamu kibaki au kisanifishwe?

MkaziWaMkomani
Assalamu alaykum wanabaraza. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpiga udi na mwimbaji wa taarabu hapa Lamu, na kati ya 1996 na 1999, mwaka aliofariki, alinisimulia maisha yake katika kaseti 31. Vijana tisa wamejitolea kuyanakili masimulizi hayo bila malipo, kila mmoja na daftari lake, na sasa tunao muswada wa kurasa 212. Tatizo ni lugha. Mjomba alisema kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, "nti", "mato" na "moya". Mmoja wa wanaojitolea, ambaye ni mwalimu, ameyageuza yote kuwa "nchi", "macho" na "moja", na mwenzake akayarudisha. Sura ya tatu imegeuzwa na kurudishwa mara nne. Mpiga chapa wa Mombasa anautaka muswada kabla ya Maulidi. Je, tukiache Kiamu au tukisanifishe? Nijibuni upesi, kwani nakosa usingizi.

KalamuNyeusi
Kiacheni. Kiamu kilikuwa kimekwisha kubeba tenzi kwa muda mrefu kabla ya Kiunguja kuchaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mpiga udi wa Amu akisemeshwa Kiunguja atakuwa kama aliyevishwa kanzu ya mtu mwingine. Masimulizi yabaki kama yalivyo, maelezo ya mhariri yaandikwe kwa sanifu, na maneno magumu yafafanuliwe mwishoni. Lakini awepo mhariri mmoja mwenye kauli ya mwisho, maana watu tisa wenye kalamu tisa hawatamaliza sura ya tatu hadi Maulidi ya mwaka kesho.

NahodhaMstaafu
Mwanangu, umenikumbusha harusi moja ya Matondoni, nadhani 1974, ambapo udi ulivushwa kwa dau na wimbi likaingia, na ulipofika ulikuwa umelowa, hautoi sauti isipokuwa ya kulalamika. Mwimbaji aliomba rika, yaani tari ndogo, na ngoma ya dumbaki tu, akaimba hadi alfajiri, na hakuna aliyeondoka isipokuwa bwana harusi. Najua sijalijibu swali lako.

BintiLangoni
Ndugu, mimi nina shaka na hao tisa. Kumtumikisha mtu bila malipo ni amana, na mwenye kuitunza amana huandika majina ya watu na kazi waliyofanya, tena mwanzoni mwa kitabu, si kwa herufi ndogo nyuma ya jalada. Umeliandika jina la nani? Isitoshe, sijaona watu wakivunja udugu kwa sababu ya "nti" na "nchi". Umetaja sura ya tatu peke yake. Katika sura nyingine kuna nini?

MkaziWaMkomani
Majina yote yamo, isipokuwa moja, kwa sababu mwenyewe amejitoa. Kwa kuwa umeniuliza, nitasema. Katika kaseti ya 19 mjomba anaeleza kwamba nyimbo zilizompa jina, nyingi si utungo wake. Zilitungwa na bibi mmoja wa mtaani ambaye hakutaka jina lake litajwe katika maharusi, na mashairi yalimfikia mjomba yakiwa yamefungwa kwenye ncha ya leso, kwa mkono wa mtoto aliyetumwa dukani. Sura hiyo nimeiondoa, na kijana aliyeinakili ameondoka na daftari pamoja na kaseti yenyewe.

Sioni kwamba nimekosea. Mjomba alikuwa mgonjwa alipoyasema hayo, na mgonjwa husema mengi. Nyimbo zile ni za mafumbo. Mtunzi akijulikana, wazee watatambua siku hiyo hiyo ni nani aliyepigwa fumbo, na wengine tunaswali nao safu moja. Tena jalada limekwisha kuchapwa, limeandikwa "mtunzi na mwimbaji", na nusu ya fedha imelipwa. Mimi nilichouliza ni Kiamu.

KaraniWaZamani
Mimi si wakili, ila nimepiga chapa hati za mawakili kwa miaka mingi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya shairi ni ya aliyelitunga, nayo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Kuiondoa sura hakukusaidii chochote iwapo maneno ya nyimbo yamebaki katika kurasa nyingine. Unahitaji idhini yake ya maandishi, au ya warithi wake, na unahitaji pia idhini ya watoto wa mjomba wako, ambao hujawataja hata mara moja.

MtazamaMawimbi
Jamani, mmeuziwa mbuzi ndani ya gunia. Kaseti za 1996 zimesalimikaje na chumvi ya bahari hii? Tangu lini watu tisa wa Lamu wakafanya kazi bure, ilhali hapa hata kumwondoa punda mlangoni kuna bei? Shairi ndani ya leso, bibi asiyetajwa, daftari lililotoroshwa: huyu anaandika riwaya na anatupima kama tutalia.

NahodhaMstaafu
Hata kama ni riwaya, mwimbaji na mtunzi kuwa watu wawili ni jambo la kawaida katika taarabu. Mimi nataka kujua tu kama bibi huyo ndiye aliyetunga ule wimbo wa Matondoni.

MkaziWaMkomani
Nawaombeni msimtafute. Ndugu MtazamaMawimbi, kaseti nilizihifadhi ndani ya debe la mchele. Mbili ziliota ukungu, na utepe wa moja ulikatika nikauunga kwa gundi bila kufaulu, kwa hiyo zinazosikika ni 28.

BintiLangoni
Hujamjibu Karani. Bibi yu hai?

MkaziWaMkomani
Yu hai. Anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu, na kijana aliyeondoka na kaseti ni mjukuu wake. Jana bibi alimtuma mtoto kwangu: anataka kuisikiliza, lakini redio yake ya kaseti imeharibika, anaomba nimwazime yangu. Nimemjibu kwamba betri zimekwisha.