Mgonjwa akishajua amemeza nini, jaribio la dawa bado lina maana?

Mleta mada: Agosti 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikataa kuidhinisha MDMA (dawa ya kulevya iitwayo pia ecstasy) pamoja na tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa kiwewe. Juni washauri wake walishapiga kura, 9 kwa 2, kwamba ufanisi haujathibitika. Ukitazama jaribio la 2023 lenye watu 104, namba zinavutia: kwenye CAPS-5, kipimo cha kiwewe (dalili 20, kila moja alama 0 hadi 4), waliopewa MDMA walishuka alama 23.7, wa dawa bandia 14.8. Lakini zaidi ya 90% ya waliopewa MDMA walijua wamepewa, na robo tatu ya wale wengine walijua wamekosa. Mgonjwa alitakiwa asijue; usiri gani huo? Naona FDA ilifanya sawa.

Mzani: Mkuu, waliotoa alama hawakuwa kwenye chumba cha tiba wala hawakujua nani kapewa nini.

Mleta mada: Anayeuliza hajui, anayejibu anajua. CAPS-5 ni mahojiano. Alama inatoka kinywani mwa mgonjwa. Halafu aliyesubiri dawa kwa miezi akagundua kapewa unga mtupu huvunjika moyo. Hapo zile alama 8.9 za tofauti zinaongezeka hata kama dawa haijafanya kitu.

Dripu: Basi tumia dawa linganishi inayosikika mwilini. Kwenye jaribio la 2013 la ketamini (dawa ya nusu kaputi), wagonjwa 73 wa sonona sugu, kundi moja lilipata ketamini miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa dripu ya dakika 40, jingine midazolamu, dawa ya usingizi, miligramu 0.045 kwa kilo. Baada ya saa 24, 64% dhidi ya 28% walipata nafuu. Midazolamu inalewesha kidogo, kwa hiyo mtu hana uhakika. Niasini (vitamini B3) kama dawa linganishi ni dhaifu zaidi: ngozi inawaka, inawasha, kisha inapoa mapema na mgonjwa ameshajua.

Mzani: Hana uhakika? Kusinzia kwa midazolamu na kuhisi umetoka nje ya mwili wako kwa ketamini ni vitu viwili. Stanford walikwenda mbali zaidi: watu 40 wenye sonona waliokuwa wanafanyiwa upasuaji walipewa ketamini au maji ya chumvi wakiwa kwenye nusu kaputi. Matokeo yalichapishwa 2023. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, tofauti haikuonekana.

Dripu: Na dawa ya nusu kaputi yenyewe inagusa ubongo, usisahau. Isitoshe, MDMA huwezi kuijaribu hivyo. Tiba ya mazungumzo na mtu aliyelala utaifanyaje?

Mleta mada: Ndiyo maana nadai vipimo vya matarajio. Muulize mgonjwa anatarajia nini kabla hajapangiwa kundi. Muulize anadhani kapewa nini siku ileile ya dozi, na ana uhakika kiasi gani. Ukingoja mwisho wa utafiti, aliyepona atasema "nilipewa" kwa sababu amepona, na hutajua kipi kilitangulia.

Mzani: Hapo nakubali, ila usije ukachukua majibu hayo ukayasawazisha kwenye hesabu kama umri au jinsia. Kubahatisha kunatokana na dawa. Ukiondoa huko kubahatisha, unaondoa na sehemu ya athari ya dawa.

Dripu: Ongeza kitu kisichopitia kinywani: bangili ya kupima usingizi. Ila usiku wa dozi usihesabiwe, maana MDMA yenyewe humfanya mtu akeshe.