Polianilini imegeuka bluu baada ya wiki ya mbalamwezi

Dada_Karabai (Ujiji): Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni fundi wa maabara ya shule, kaka yangu anavua dagaa Kibirizi. Karabai waliziacha zamani, sasa wana taa za LED na betri za asidi: nzito, na ikimwagika mtumbwini inakula nguo na ngozi. Nikaanza kuhangaika na betri ya maji isiyo na asidi kali. Upande mmoja zinki, upande wa pili polianilini (plastiki inayopitisha umeme) niliyopika mwenyewe juu ya vijiti vya kaboni vya betri mbovu za tochi, katikati maji ya salfeti ya zinki. Seli mbili ziliwasha kitaa chekundu dakika 40!

Ikaja mbalamwezi, watu hawaendi ziwani, nami nikaziacha mezani wiki nzima. Nimekuta vifuniko vimevimba, polima, yaani hiyo polianilini, iliyokuwa kijani imekuwa bluu, kitaa dakika 12 tu. Imekufa?

Sharobaro77: Zinki feki hiyo.

Mnyanyembe (Tabora): Haijafa dada, imenyang'anywa protoni, zile chembe za haidrojeni zinazofanya maji yawe na asidi. Polianilini hupitisha umeme ikiwa imezishika, na hapo ndipo huwa kijani. pH (kipimo cha asidi, asidi ikipungua yenyewe hupanda) ikipita 4 hivi inaziachia, inakuwa bluu, umeme haupiti. Vifuniko vyako vimeshasema kila kitu: zinki ikikaa majini inaliwa polepole na kutoa haidrojeni. Protoni zinatoka kama gesi, asidi ya maji inapungua.

Ichovye kwenye asidi hidrokloriki nyepesi. Ikirudi kijani, iko hai. Isiporudi, mnyororo wa polima umekatika, na mara nyingi hiyo ni kuchaji kupita kiasi.

Dada_Karabai: Imerudi kijani hapo hapo, nimepiga kelele mpaka wanafunzi wakaja. Sasa si nitie asidi ndani ya seli tu?

Mnyanyembe: Usithubutu, itamaliza zinki kwanza. Asidi ifunge kwenye polima yenyewe: unapopika, changanya anilini (malighafi ya polianilini) na asidi ya metaniliki, ndugu yake mwenye kundi la asidi liitwalo sulfoni. Kundi hilo linakaa ubavuni mwa mnyororo kama mtungi mlangoni, protoni haziendi mbali. Usizidishe lakini, linaongeza uzito bila kubeba chaji, na likiwa jingi polima yote inayeyuka majini.

Mwl_Urambo: Mimi ningeachana na anilini, sumu ile inapenya ngozi. Kuna polima za kwinoni, kampaundi za kaboni zenye oksijeni: oksijeni zake ndizo hukamata ioni na kuiachia, hazidai asidi. Ila hazipitishi umeme, kwa hiyo utazichanganya na masizi mengi. Na usitumie kwinoni tupu isiyoungwa kwenye mnyororo, itayeyuka na kukuachia maji ya rangi.

Dada_Karabai: Glavu ninazo mwalimu, na dirisha nafungua. Kwinoni naiweka kiporo, kwanza nitafute hiyo metaniliki. Na safari hii kifuniko nakitoboa tundu.