Mwanangu wa Darasa la Tano anajua Hisabati, lakini ramani inamshinda

Mzazi, Morogoro
Habari za jioni, ndugu zangu. Mwanangu anasoma Darasa la Tano katika shule ya serikali, na kila Jumapili tunakaa pamoja kupitia madaftari yake yote. Katika Hisabati sina wasiwasi naye: magazijuto, yaani mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa, anaifuata bila kukosea, na kubadili sentimita kuwa mita na kilomita ni kazi ya dakika chache kwake. Lakini wiki iliyopita alipewa ramani yenye skeli ya 1:50,000, akaulizwa umbali halisi wa barabara ambayo kwenye ramani ina urefu wa sentimita 4, naye akaacha nafasi tupu. Nilipomuuliza sababu, alisema lile lilikuwa swali la Jiografia, na Jiografia haina hesabu. Jibu hilo limeniumiza kuliko alama alizokosa. Nimsaidieje aone kwamba anachojifunza katika somo moja kinamfaa katika jingine?

Mwalimu wa Jiografia na Mazingira
Ndugu mzazi, mtoto wako hana upungufu wa akili wala wa bidii, na darasani kwangu wapo wengi kama yeye. Kinachomkwamisha ni neno skeli, ambalo kwake linasikika kama jambo jipya kabisa. Usianze na kanuni. Mwambie kwamba kila sentimita 1 ya ramani hiyo ni sentimita 50,000 za ardhini, kisha umwache azidishe mwenyewe. Sentimita 4 zitampa sentimita 200,000, ambazo ni mita 2,000, na hapo atatambua bila kuambiwa kwamba barabara ina kilomita 2. Baada ya hapo mpe karatasi achore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni kwa skeli atakayoichagua yeye, kwa sababu kuchagua skeli ni kugumu zaidi kuliko kuisoma, na ndiko kunakoonyesha kama ameelewa.

Mzazi, Moshi
Mwalimu, shikamoo. Naomba kuongeza jambo tulilolifanya nyumbani kwetu, ambako Mlima Kilimanjaro tunauona asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Kilele chake kina mita 5,895, na mji wetu uko kwenye mita 900 hivi. Binti yangu alikuwa amefundishwa kwamba joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila tunapopanda mita 1,000, basi nikamwomba akadirie hali ya kileleni siku ambayo mjini ni nyuzi 28. Alipofika chini ya sifuri kwa hesabu yake mwenyewe, alinyamaza, kisha akasema kwamba sasa amejua kwa nini kuna barafu karibu na Ikweta. Kutoka hapo tulizungumza juu ya Luteni Alexander Nyirenda, aliyeufikisha Mwenge wa Uhuru kileleni Tanzania Bara ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na binti yangu ndiye aliyeuliza Nyirenda na wanajeshi wenzake waliistahimilije baridi hiyo. Siku hiyo Historia na Jiografia zilikuwa kitu kimoja kwake.

Mwalimu wa Sayansi
Nakubaliana na wenzangu, ila ningependa Kiswahili nacho kisisahaulike. Wanafunzi wangu hukariri kwamba usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula, huhitaji mwanga, maji, kabonidayoksaidi na klorofili (rangi ya kijani ya majani), lakini wakitakiwa kueleza kwa nini mche wa maharage uliofungiwa kabatini umekuwa wa manjano, hukosa sentensi. Mwache mtoto apande mbegu mbili, moja dirishani na nyingine gizani, aandike kila siku anachokiona, kisha aisome habari hiyo mbele yenu.

Mzazi, Morogoro
Nawashukuru sana. Jana tulipima kwa hatua njia ya kwenda sokoni, na kwanza alichagua skeli ambayo ingehitaji karatasi ndefu kuliko meza yetu. Alifuta, akaanza upya, akafanikiwa. Maharage tumeyapanda leo asubuhi.