Mjadala: Sherehe ya kujifanyia nyumbani, ni akili au ubahili?

Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili. Binti yangu anapata kipaimara mwezi ujao. Shemeji zangu wameshaunda kamati na kadi za mchango ziko tayari: mtu mmoja elfu 50, mtu na mwenzi wake laki moja. Ukumbi, mapambo, keki na vinywaji, bajeti imegonga milioni 4. Ya mtoto wa miaka 14! Nimewaambia naifanyia uani kwangu, Tabata, na sitamchangisha mtu. Tangu siku hiyo naangaliwa kama mchawi wa ukoo.

Hesabu yangu hii hapa. Keki ya kilo 2 fundi anataka elfu 80. Mimi nachukua robo ya unga, robo ya siagi, robo ya sukari, mayai 5, vijiko 2 vya chai vya beking poda, vanila na ganda la limau lililokwaruzwa. Hapo napata kama kilo moja ya rojo, kisha narudia mara ya pili. Kwa bei za dukani kwetu haivuki elfu 20, mkaa ukiwemo. Oveni sina. Natandaza mchanga kwenye sufuria kubwa, naweka ya keki ndani, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Ukigeuza hesabu hiyo, keki inaungua kitako huku katikati ni uji.

Mapambo: vitenge vyangu na vya jirani vinatundikwa nyuma ya meza kuu, makuti mabichi yanasukwa lango, bogenvilia nakata kwenye uzio. Maputo nitaweka machache. Ukiyajaza kwa pampu hayaelei hata ufanyeje, yanayoelea ni ya gesi ya heliamu, na jua la saa nane likiyapiga yanaanza kupasuka watoto wakalia.

Vinywaji ni ukwaju, rozela, na nanasi kwa tangawizi. Wakubwa nitawachanganyia ndoo moja yenye kilevi.

Haya, semeni.

Mjumbe wa Kamati

Dada, unadhani tunachangia ukumbi? Mimi nimechangia watu miaka 15: harusi, sendofu, ubarikio, misiba. Daftari ninalo. Nimekuchangia na wewe kwenye harusi yako. Sasa ukijifungia uani bila kadi, sisi wengine tunakuwa tumetoa bure? Wanangu wakifika zamu yao nitamgongea nani mlango, kama kila mtu ameanza "kujifanyia"?

Mleta mada

Basi kaka, huo ni upatu, na tuuite upatu. Mwanao akifika zamu yake nitakuletea elfu 50 zako mkononi. Ila usiniambie binti yangu hawezi kula keki mpaka daftari lako lisawazishwe.

Mangi wa Marangu

Hapa mnagombania siagi na unga. Kwetu keki ni ndafu. Mbuzi mzima, anachomwa, anaingia na majani mdomoni watu wakishangilia. Hakuna aisingi inayoyeyuka hapo. Endeleeni.

Fundi Keki

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho kwa sababu huyo fundi wa elfu 80 ningeweza kuwa mimi. Naokea jikoni kwangu, si kiwandani. Umehesabu unga na mayai, lakini usiku wako hujauhesabu. Keki ya kilo 2 yenye ghorofa mbili naianza Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumamosi. Kuoka, kupoza mpaka moyo wa keki upoe (ukipaka aisingi ikiwa vuguvugu inateleza yote kama tope), kupaka mara ya kwanza, kusubiri, kupaka ya pili. Kuna boksi, kuna ubao wa kuikalisha, kuna kukodi bajaji kwa sababu bodaboda niliwahi kuijaribu na keki ikafika imelala. Na umeme ukikatika katikati ya kuoka, hasara ni yangu.

Sikatai ujiokee. Ila ukitangaza kwamba keki "ni elfu 20", kesho mteja ananipangia bei kwa maneno yako. Sema ukweli wote: malighafi ni elfu 20, na kazi yangu nimejitolea.

Bi Mkubwa, Tanga

Mwanangu mleta mada, usitishwe. Sisi shughuli tumezifanya uani tangu hatujasikia kumbi. Mapochopocho yalipikwa na jirani, asumini zilitungwa na wasichana usiku kucha, jamvi likatandikwa watu wakakaa. Mchango ulikuwa mkono wako. Aliyekuja kupepeta mchele alihesabiwa sawa na aliyeleta mchele wenyewe. Siku hizi mnaleta bahasha, mnakaa kwenye viti vyenye mashuka, mnalalamika kuku mdogo.

Mhudumu wa Kaunta

Mimi nina neno moja tu, nalo ni hiyo ndoo. Chupa moja ya mililita 750 ya pombe ya asilimia 35, ukiimimina kwenye lita 5 za juisi, unapata kinywaji cha kama asilimia 4.5. Nguvu ya bia, sawa. Lakini haiishiagi chupa moja. Anakuja shemeji na ya kwake, anaiongeza kimyakimya, sasa mko kama asilimia 8, na ukwaju na sukari vinaficha ukali wote. Mtu anakunywa vikombe vinne akidhani ni juisi, halafu anaomba funguo za gari.

Tena hiyo ni kipaimara, watoto wamejaa. Ndoo ya rozela ya watoto ni nyekundu, na ya wakubwa ikiwa ya rozela ni nyekundu vilevile. Acha juisi zote zibaki juisi. Pombe iwe meza ya pembeni, na mtu mzima mmoja anayepima. Maji ya juisi yachemke, na barafu ugandishe mwenyewe kwa maji hayohayo. Barafu ya mtaani hujui ilikotoka.

Mpwa

Samahani wakubwa zangu, naomba niongee kidogo. Mwaka jana shangazi yangu alifanya sherehe ya "kujifanyia" hivihivi. Wote walimsifu kwa kubana matumizi. Maputo niliyapuliza mimi kwa mdomo, maana pampu ilikuwa gharama, mpaka masikio yakaziba. Nilimenya nanasi, nikakwaruza tangawizi, nikasuka makuti na binamu zangu wa kike. Wa kiume walikuwa wanafunga spika. Bi Mkubwa ametaja wasichana waliotunga asumini usiku kucha. Ningependa kujua walilala saa ngapi, na kama asubuhi walikaa kwenye jamvi au walikuwa jikoni.

Bi Mkubwa, Tanga

Tulikuwa jikoni, mjukuu wangu. Sikudanganyi.

Mleta mada

Mpwa na Fundi Keki mmenikamata, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga wapwa zangu watatu waje tangu Alhamisi na sikuwa nimewauliza hata mmoja. Nafanya hivi: ukumbi na kadi hapana, hapo sirudi nyuma. Keki naoka mwenyewe, ila aisingi namwita fundi wa mtaani aje nimlipe kazi yake. Ndoo ya kilevi nimeifuta. Makuti watasuka watoto wa kiume wa nyumba hii, na wapwa watakaokuja kusaidia nitawapa posho ya siku, hata kama ni ndogo.

Mjumbe wa Kamati

Yaani fundi unamlipa, wapwa unawalipa, na mchango unaukataa. Hizo hela unatoa wapi?

Mleta mada

Kwenye zile milioni 4 ambazo sitazitumia, kaka.

Mpwa

Shangazi, na vyombo?