Tupeane uzoefu: madaraja ya mpakani, nani kayavuka na yakamfanya nini?

Mzee wa Barani: Lori la chumvi limezima hapa daraja la Sabaki, honi mbele na nyuma. Nikaikumbuka Malaba, mpakani na Uganda. Mliovuka mipaka, haya leteni.

Utingo Mstaafu: Malaba usinikumbushe! 2020, mwaka wa korona, twatoka Gongoni na chumvi kwenda Kampala. Foleni haina mwisho, madereva wachokolewa pua mmoja mmoja, majibu hayarudi. Na mvua ya kule yaja kila alasiri. Turubai letu lilikuwa na tundu, limeshonwa kwa uzi wa nyavu, maji yakapitia pale pale kwenye mshono. Asubuhi napanda juu, gunia za safu ya kwanza ukibonyeza kidole chazama, na ubavuni mwa bodi michirizi myeupe imekauka. Dereva akasema bosi asiambiwe mpaka tuvuke. Kufika darajani, loo! Kimto chenyewe ndicho hiki? Huku Malaba, kule Malaba, dakika moja umeshavuka.

Salma Shela: Kweli kabisa. Malaba ni subira.

Kiti cha Mbele: Mngepita mpaka wa Busia.

Utingo Mstaafu: Wewe umewahi kushika usukani ama waongea tu?

Kiti cha Mbele: Kabla hujazaliwa. Siku hizi kituo ni cha pamoja, wagongewa muhuri upande unaoingia tu. Shida yenu ni maajenti wa forodha wa bei rahisi.

Bibi wa Maweni: Nyinyi mwalilia chumvi. Mimi nilikuwa kwenye basi la Kampala, usiku, tumeshushwa tuvuke kwa miguu. Kuna msichana wa Kakoneni amfuata mumewe, tumbo hilo! Katikati ya daraja akashika chuma, akaniambia, "Mama, maji." Nikadhani ataka kunywa, nafungua chupa. Kutazama chini, leso imelowa mpaka miguuni. Tukamzunguka wanawake, muuza ndizi akamwaga ndizi zake akatupa beseni, askari wa pande zote mbili wakageuza migongo. Mtoto huyo, mwanamume! Kitovu tulikifunga kwa uzi wa kofia niliokuwa nao mkobani.

Salma Shela: Subhanallah! Sasa huyo ni Mkenya au Mganda?

Kijana wa Muyeye: Yategemea kichwa kilielekea wapi 😂

Kiti cha Mbele: Katiba ya 2010, kifungu cha 14. Mzazi mmoja akiwa Mkenya, mtoto ni Mkenya, azaliwe hata mwezini. Na Uganda nayo haikupi uraia kwa kuangukia tu ardhini kwake.

Kijana wa Muyeye: Basi aitwe Charo, yaani safari kwa Kigiriama, tumalize.

Kigali na Kurudi: Mada imepotea. Mimi ni Rusumo, mto Kagera, Tanzania na Rwanda. Daraja la zamani mlipita gari moja moja, maporomoko yanguruma chini yako. Jipya Wajapani walisaidia, likamalizika 2014. Hatari pale ni kuhama upande wa kuendesha: Tanzania kushoto, Rwanda kulia, nawe una usingizi. Wazee wa pale hawajasahau 1994, wakimbizi zaidi ya laki mbili kwa siku moja, na miili yaelea mtoni.

Salma Shela: Mungu awarehemu.

Mwana wa Ngomeni: Mwaona Kazungula? Zambia na Botswana, juu ya Zambezi, mita 923, lilifunguliwa 2021. Zamani malori yalikesha yakingoja pantoni.

Kijana wa Muyeye: Mbona limepinda? Wakandarasi walikula?

Mwana wa Ngomeni: Limepinda kuikwepa Zimbabwe, bwana. Tazama ramani.

Mzee wa Barani: Kadi ya homa ya manjano msisahau mkienda Uganda.

Kiti cha Mbele: Sijaulizwa hata mara moja.

Utingo Mstaafu: Utaulizwa siku umeiacha nyumbani. Na pesa badilisheni kwa aliyeketi, si anayewakimbilia.

Kigali na Kurudi: Waongo, walioketi ndio wezi wakubwa.

Salma Shela: Bibi, baba mtoto alifika?

Bibi wa Maweni: Kesho yake, na furushi la nguo za mtoto wa kike.